Jedwali na Fumbo la Hesabu: Historia Fupi ya Chombo cha Kufikiri

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu chombo kimoja cha darasa la hesabu ambacho kimezoeleka mno hata hakitazamwi tena. Chombo hicho ni jedwali. Aghalabu mwanafunzi hukutana nalo kwanza katika umbo la jedwali la kuzidisha, ambalo huamriwa kulikariri mpaka limkae kichwani. Kwa mazoea hayo, jedwali huhesabiwa kuwa ghala la majibu: anayelijua hupata jibu upesi, asiyelijua hubaki nyuma. Baadaye mwanafunzi yuleyule anapopewa fumbo la hesabu, yaani swali lililoandikwa kwa maneno, hukwama, ijapokuwa amelikariri jedwali lote bila kosa.

Nia yetu ni kuonyesha kwamba tangu zamani palikuwepo majedwali ya namna mbili. La kwanza ni jedwali la akiba, linalohifadhi matokeo yaliyokwisha kupatikana. La pili ni jedwali la kazi, ambalo mtatuzi hulichora mwenyewe ili apange yale anayoyajua na kuyafuata hatua kwa hatua hadi asilolijua. Tunashikilia kwamba ni hilo la pili linalofundisha kutatua mafumbo, na kwamba nguvu yake imo katika maneno machache yanayoandikwa juu ya safu zake kuliko katika tarakimu zilizomo ndani. Msomaji anayejiuliza kwa nini suala la hesabu lije katika kurasa za taaluma ya Kiswahili atapata jibu lake hapo: jedwali lina vichwa, na vichwa ni lugha.

2. Safu zisizo na majina: mfupa wa Ishango

Sisi Wakongo hatuna haja ya kwenda mbali ili kuianza historia hii. Mnamo mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye kipande cha jiwe la kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha yake. Mfupa huo, ambao huhifadhiwa Brussels, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000. Juu yake zimechanjwa alama nyingi, nazo zimepangwa kwa mafungu katika safu tatu.

Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, ambayo jumla yake ni 60. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9, na jumla yake pia ni 60. Ya tatu ina mafungu manane, na kwa hesabu iliyozoeleka jumla yake ni 48. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack aliona kumbukumbu ya siku za mwezi. Wengine wamependekeza mengine. Wako pia waliokwenda mbali zaidi, wakasema kwamba wakazi wa Ishango walizijua namba tasa, kwa kuwa 11, 13, 17 na 19 zote ni tasa. Tahadhari inahitajika hapa. Mafungu manne kwenye mfupa mmoja hayatoshi kuthibitisha elimu ya namna hiyo, na heshima ya wazee wetu haihitaji kutegemezwa kwa dai lisilo na msingi.

Jambo tunaloweza kulisema kwa hakika ni dogo, lakini lina uzito. Mtu aliyechanja mfupa huo alitenganisha mafungu, kisha akayatenga mafungu katika safu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ameondoka nayo. Tunaziona namba, hatujui zilihesabu nini: siku, samaki, watu au kitu kingine. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi kwa sababu moja tu, kwamba safu hizo hazina majina. Hilo ndilo funzo la kwanza la historia yetu, nalo tutalirudia.

3. Shule za waandishi wa Mesopotamia

Majedwali ya hesabu yaliyoandikwa, kadiri yanavyojulikana, yalianzia Mesopotamia, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Iraki. Kibao kimoja cha udongo kutoka mji wa Shuruppak, cha takriban mwaka 2600 K.K., kinaorodhesha vipimo vya urefu vya pande za miraba pamoja na maeneo ya miraba hiyo.

Miaka mia nane na zaidi baadaye, katika mji wa Nippur, vijana waliosomea uandishi walijifunza majedwali kwa utaratibu mkali. Kwa kuwa hesabu zao zilijengwa juu ya 60, walianza na jozi za namba ambazo zikizidishana huleta 60, kama vile 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15. Kisha walifuata mfululizo mrefu wa majedwali ya kuzidisha. Kila jedwali lilikuwa la namba moja tu, nayo ilizidishwa kwa 1 hadi 20, halafu kwa 30, 40 na 50. Vijana waliyakariri, wakayaandika kwenye udongo mbichi, kisha udongo huo ukafinyangwa upya kwa zoezi jingine. Hayo yalikuwa majedwali ya akiba, na walimu wetu wa leo wangeyatambua mara moja.

Lakini walimu wa Mesopotamia hawakuishia hapo. Kibao mashuhuri kiitwacho Plimpton 322, kilichoko Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, kinaonyesha matumizi mengine. Kiliandikwa yapata mwaka 1800 K.K., nacho kina mistari 15 na safu nne zilizosalia baada ya upande mmoja kuvunjika. Otto Neugebauer na Abraham Sachs walikichapisha mwaka 1945, wakaonyesha kwamba namba zake zinahusu pembetatu zenye pembe mraba. Mstari wa kwanza, kwa mfano, una 119 na 169, ambazo ni upande mfupi na ulalo wa pembetatu ambayo upande wake wa tatu ni 120. Mwanzoni mwa karne hii, mtaalamu Eleanor Robson alitoa hoja kwamba kibao hicho kilikuwa chombo cha mwalimu: orodha ya namba zilizochaguliwa ili aweze kutunga mafumbo mengi ya aina moja ambayo majibu yake hutoka vizuri. Si watafiti wote waliokubaliana naye, lakini hoja yake inakirudisha kibao darasani, miongoni mwa vibao vingine vya wakati wake.

Kwetu sisi jambo la kuangalia ni vichwa vya safu. Tofauti na mfupa wa Ishango, Plimpton 322 kinasema safu zake ni za nini: moja ni ya upana, nyingine ni ya ulalo. Safu ya mwisho, ambayo inaipa kila mstari nambari yake, ina kichwa chenye maana ya «jina lake». Mwandishi wa kale alijua kwamba namba isiyo na jina hupotea. Ndiyo maana kibao hicho, ingawa kimevunjika, bado kinatuambia safu zake zinahusu nini, ilhali mfupa mzima wa Ishango umenyamaza.

4. Jedwali la kazi: mafunjo ya Ahmes

Mfano bora wa jedwali la kazi unatoka Afrika, katika bonde la Nili. Mnamo mwaka 1550 K.K. hivi, mwandishi Mmisri aitwaye Ahmes alinakili maandishi ya hesabu yaliyokuwa ya kale hata kwake. Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua mafunjo hayo huko Luxor mwaka 1858, na tangu mwaka 1865 yamekuwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Yanaanza na jedwali kubwa la akiba, ambalo linagawanya 2 kwa namba witiri kuanzia 3 hadi 101. Baada yake hufuata mafumbo yapatayo 84.

Fumbo la 24 linauliza: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba, jumla ni 19; kiasi hicho ni kipi? Leo tungeandika mlinganyo. Ahmes alikisia kwa makusudi. Alichukua 7, kwa kuwa sehemu yake ya saba ni rahisi, akapata 7 + 1 = 8. Hiyo siyo 19. Basi akauliza 8 izidishwe kwa ngapi ili ifike 19, akapanga safu mbili:

Mara | Matokeo
1 | 8
2 | 16
1/2 | 4
1/4 | 2
1/8 | 1

Katika safu ya pili alitafuta mistari ambayo jumla yake ni 19, akaipata: 16, 2 na 1. Mistari hiyo katika safu ya kwanza inatoa 2 + 1/4 + 1/8. Akaizidisha hiyo kwa 7 iliyokuwa kisio lake, akafikia jibu: 16 + 1/2 + 1/8. Msomaji anaweza kuhakikisha kwamba jibu ni sahihi.

Tazama jedwali hilo linavyofanya kazi. Halikukaririwa, wala halikuwepo kabla ya swali. Kila mstari umetoka katika mstari mwingine kwa tendo ambalo mtoto analiweza, yaani kuzidisha kwa mbili au kugawanya kwa mbili. Anayelisoma anaona njia yote, na kosa likiwapo, anaweza kuonyesha mstari lilipoingia.

Fumbo la 79 nalo linapendeza kwa namna nyingine. Limeorodhesha nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2401 na vipimo vya nafaka 16,807, jumla 19,607. Kando yake Ahmes aliipata jumla hiyohiyo kwa njia ya pili: alichukua 2801, akaiandika mara moja, mara mbili (5602) na mara nne (11,204), kisha akajumlisha mistari yote mitatu, na hivyo akapata mara saba. Majedwali mawili yamekaa pamoja, moja la vitu vyenye majina na moja la namba tupu, na kila moja linamshuhudia mwenzake.

5. Jedwali linalogeuka: vijiti vya China

Nchini China, kitabu kiitwacho «Sura Tisa», ambacho kilikuwa kimekamilika kufikia karne ya 1 B.K. au karibu na hapo, kina sura nzima ya mafumbo 18 yanayotatuliwa kwa kupanga vijiti vya kuhesabia katika safu. Fumbo la kwanza la sura hiyo, ambayo ni ya nane, linahusu miganda ya nafaka ya daraja tatu. Miganda 3 ya daraja la juu, 2 ya kati na 1 ya chini hutoa vipimo 39. Miganda 2, 3 na 1 hutoa 34. Miganda 1, 2 na 3 hutoa 26. Kila mganda wa kila daraja hutoa kiasi gani?

Mtatuzi alipanga kila taarifa katika safu wima yake, na kila daraja la nafaka likapata mlalo wake usiobadilika. Kisha aliizidisha safu na kuitoa safu nyingine mara kwa mara, mpaka safu moja ikabaki na daraja moja tu. Majibu ni 9 na robo, 4 na robo, 2 na robo tatu. Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263 B.K., alieleza matumizi ya vijiti vyekundu na vyeusi ili kutofautisha namba chanya na namba hasi. Hapa mahali penyewe ndipo jina: kijiti kikihama mlalo, maana yake imebadilika. Kwa hiyo anayepanga vijiti analazimika kukumbuka muda wote ni nini kinachohesabiwa wapi.

6. Neno «jedwali» na zama za vitabu vya majedwali

Neno letu jedwali limetokana na Kiarabu jadwal, ambalo maana yake nyingine ni kijito au mfereji wa maji. Sura hiyo inafaa: namba hushuka katika safu kama maji katika mfereji, kila mfereji na maji yake. Wanafalaki walioandika kwa Kiarabu, akiwemo al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, walitunga vitabu vya majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Kiswahili kilipokea neno hilo pamoja na mengine ya ukoo huo, kama vile hesabu, safu, sita, saba na tisa.

Huko Ulaya, John Napier alichapisha majedwali yake ya logi mwaka 1614, na Henry Briggs akayaendeleza kwa msingi wa 10 mwaka 1617 na 1624. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa sababu kuzidisha kuligeuka kuwa kujumlisha. Kwa zaidi ya karne tatu, mabaharia, wanafalaki, wahandisi na wanafunzi walitembea na vitabu hivyo. Lakini ushindi huo ulikuwa wa jedwali la akiba. Mtumiaji alihitaji kujua mahali pa kutazama. Hakulazimika kujua namba ilivyopatikana. Mnamo mwaka 1972 kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 kilianza kuuzwa, na baada ya miaka michache vitabu vya logi vikatoka madarasani. Jedwali la akiba likashindwa na mashine iliyo ghala kubwa kuliko lenyewe. Jedwali la kazi halikuguswa, kwa sababu mashine haimwambii mwanafunzi ni namba zipi azipe, wala kwa nini.

7. Fumbo la fundi cherehani

Katika karne ya 20, wachunguzi wa ufundishaji walirudi kwenye jedwali la kazi. Mnamo mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa katika mitaa ya Recife, Brazili. Watoto hao walijibu sawasawa takriban asilimia 98 ya maswali waliyoulizwa na wateja mitaani, lakini walipopewa hesabu tupu za namba zilezile kwa kalamu na karatasi, walipata takriban asilimia 37. Mmoja alitafuta bei ya nazi 10 kwa kuanza na bei ya nazi 3, akaongeza 3 tena, akaendelea hivyo hadi 10. Hakuwahi kumsikia Ahmes, lakini alikuwa akijenga mistari ya Ahmes kwa mdomo. Naye Gérard Vergnaud, mwanasaikolojia wa Ufaransa, alionyesha kwamba fumbo la uwiano huonekana wazi likiwekwa katika jedwali dogo la safu mbili, kwa sababu linaweza kusomwa kwa njia mbili: kwa kushuka ndani ya safu moja, au kwa kuvuka kutoka safu hadi safu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Fundi hutumia mita 6 za kitenge kushona nguo 4 za watoto zilizo sawa. Nguo 10 zitahitaji mita ngapi? Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa namna moja: kutoka 4 hadi 10 imeongezeka 6, basi 6 nayo iongezwe 6, jibu ni 12. Mwalimu anaweza kusema kwamba ni kosa na kuwafundisha kanuni ya tatu. Watakariri kanuni, na kosa litarudi katika fumbo lijalo. Afadhali awaombe waandike:

Nguo | Mita za kitenge
4 | 6
2 | 3
8 | 12
10 | 15

Mstari wa pili ni nusu ya ule wa kwanza, wa tatu ni mara mbili ya ule wa kwanza, na wa nne ni jumla ya ule wa pili na ule wa tatu. Jibu ni mita 15. Anayevuka kutoka safu hadi safu ataona pia kwamba kila nguo inahitaji mita moja na nusu.

Sasa mwenye jibu la 12 naye aandike jedwali lake kwa sheria yake mwenyewe. Nguo zikiongezeka 6, mita zinaongezeka 6. Basi nguo zikipungua 4, mita zipungue 4. Mstari utakaotokea ni huu: nguo 0, mita 2. Yaani fundi ambaye hajashona nguo hata moja amekwisha kutumia mita mbili za kitenge! Mwanafunzi atacheka, na katika kucheka huko atakuwa ameikataa sheria yake mwenyewe. Lakini asingeweza kucheka kama juu ya safu hapakuandikwa «nguo» na «mita za kitenge». Sufuri na mbili, bila majina, hazichekeshi wala hazifundishi.

8. Vichwa vya safu viwe katika lugha gani?

Tumefika mahali ambapo suala la hesabu linakuwa suala la lugha. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa au lugha za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia. Hata hivyo mwanafunzi hulazimika mapema kuvuka kwenda Kifaransa, na mafumbo ya hesabu humfuata huko. Akikosa jibu, mwalimu hawezi kujua kama kilichomshinda ni hesabu au sentensi.

Jedwali la kazi linaweza kuutenganisha utata huo. Mwanafunzi aliyesoma fumbo kwa Kifaransa na akaandika vichwa vya safu kwa Kiswahili amekwisha kuonyesha kama ameelewa kinachoulizwa. Vichwa vikiwa sahihi na jibu likawa baya, kosa ni la hesabu. Vichwa vikiwa vibaya, mwalimu arudi kwenye maneno kabla ya kugusa namba. Hicho ni kipimo chepesi, hakina gharama, na kinafaa hata darasa la wanafunzi wengi wenye vitabu vichache.

Istilahi zenyewe tunazo, ila zinahitaji kusimikwa. Kifaransa hutumia neno moja, tableau, kwa ubao na kwa jedwali pia. Kiswahili kinatenganisha ubao na jedwali, na faida hiyo isipotezwe. Neno safu peke yake huweza kumaanisha mpango wa kusimama au wa kulala, kwa hiyo darasani ni bora kusema safu wima na safu mlalo. Kichwa cha safu kitaje kitu pamoja na kizio chake: «mita za kitenge», si «mita» tu. Na mahali pa namba isiyojulikana paandikwe alama ya kuuliza, pasiachwe patupu, ili mwanafunzi aone kile anachokitafuta.

9. Hitimisho

Tumepita Ishango, Nippur, bonde la Nili, China na Recife. Kote huko tumeona kwamba jedwali hufundisha linapochorwa na yule anayetafuta jibu, na linapobeba majina ya vitu vinavyohesabiwa. Hatusemi kwamba jedwali la kuzidisha liachwe. Vijana wa Nippur walilikariri, na Ahmes mwenyewe aliweka jedwali la akiba mwanzoni mwa mafunjo yake. Tunasema kwamba likibaki peke yake, humwacha mwanafunzi na majibu mengi asiyojua maswali yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, katika kusahihisha mitihani ya hesabu, jedwali lililopangwa vizuri lipewe alama zake hata kama jibu la mwisho limekosewa, maana kinachothaminiwa na mtihani ndicho kinachofundishwa. La pili, idara za lugha na idara za hesabu katika vyuo vyetu zikae pamoja zitunge orodha fupi ya vichwa vya safu vinavyohitajika katika mafumbo ya shule ya msingi: vipimo, bei, muda, umbali, ujira. Maneno hamsini yangetosha kuanzia, na kazi hiyo haihitaji kungoja fedha kutoka kokote.